Eti weusi hata sindano hatujawahi kutengeneza

Juzi kijiweni kwenye kahawa mzee mmoja katupia ile kauli yake ya kila siku, "sisi weusi hata sindano imetushinda, wenzetu wana akili," watu wakacheka na mi nikacheka, ila nilivyofika nyumbani ikaanza kunikera.

Maana mzee mwenyewe Mhaya! Na huko kwao Kagera watu walikuwa wanatoa chuma cha pua miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Miaka ya 70 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mwenzake Avery, mtaalamu wa metali, waliwaomba wazee wajenge tena tanuru kwa kumbukumbu tu, kazi yenyewe ilishakufa kitambo. Wakachimba shimo, wakachomea humo matete ya kinamasini, wakapandisha tanuru, halafu yale mabomba ya udongo ya kupitishia upepo wa mivukuto wakayasukuma mpaka ndani kabisa ili hewa ipate moto kabla haijagusa mkaa. Chuma kikatoka. Wataalamu wanabishana hewa ilipata moto kiasi gani, sawa, lakini wazo la kupasha hewa kwanza Mskoti James Neilson alilikatia hataza (haki ya mvumbuzi) 1828, juzi juzi tu hapa.

Sasa akili ndo ilikosekana wapi? Mi naona shida ilikuwa soko na mkaa. Cheki Uingereza, injini ya mvuke ya Newcomen ya 1712 ilikuwa inakula makaa ya mawe vibaya mno, kwingine ingekufilisi mapema, ila wao waliiweka palepale mgodini ivute maji mashimoni, makaa yako miguuni, basi wakaivumilia na kuichokonoa miaka hamsini na kitu mpaka James Watt akaja na hataza yake 1769, ya injini isiyokula makaa mengi hivyo. Mhunzi wa Kihaya yeye anakata miti, anachoma mkaa, anauza jembe kwa majirani, mara chuma cha bei chee cha Ulaya hiki hapa, nani atahangaika na moshi wiki nzima? Na ujuzi wote uko kichwani, haujaandikwa popote.

Nikamrudia mzee na hizi habari nikijua nimembana. Akanisikiliza wee, akaniambia, "Babu yangu alikuwa mhunzi, mjukuu wangu. Baba akagoma kujifunza, aliona kahawa inalipa." Akaagiza kikombe kingine.