Termosi ya Mama Mukubwa

Mama Mukubwa anauza chai jioni kando ya barabara hapa Goma, na wasukuma chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo, walikuwa wameanza kulalamika: chai inapoa upesi. Kwa kuwa katika parseli yetu, yaani ua tunaoishi pamoja, mimi ndiye ninayesomea uhandisi, nikatangaza kwamba hiyo ni hesabu tu. Tofauti kati ya joto la chai na joto la hewa, kila nusu saa, huzidishwa kwa namba ileile iliyo chini ya 1. Itafute namba hiyo, utaijua termosi kuliko aliyeitengeneza.

Kipimajoto changu kilikuwa cha bei ya huruma, kinayumba. Si neno. Makosa ya mara juu mara chini hupungua nguvu ukiwa na vipimo vingi. Mwanahisabati Gauss alikuwa na vipimo vichache tu vya mwanaastronomia Piazzi, na Ceres, sayari kibete iliyokuwa imepotea machoni, ikapatikana tena angani mwaka 1801. Itakuwa termosi?

Nikapata nyuzi 82, 80, 84, 83, 86. Hewa 20. Nikakokotoa: 1.02.

Nikarudia. 1.02 tena. Yaani chai inajipasha yenyewe! Hapa kwetu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi kama 95. Basi kabla ya saa sita usiku ingetokota ndani ya termosi, bila hata kipande cha makaa. Nikalisema hilo uani, kwa sauti.

Jirani akaja na sufuria. "Muhandisi, na maharage itaiva?"

Kitinda mimba wa Mama Mukubwa akaangua kicheko. "Si mama anaongeza chai ya moto kila ukiingia ndani kuandika!"

"Sasa nifanye nini?" Mama Mukubwa akajibu, macho kwenye mbabula, jiko lake la makaa. "Weye unafungua kifuniko kila saa, unachovya chuma yako, moto yote inatoka. Mimi narudisha."

Nikamweleza kwa heshima kwamba kinachoingizwa toka nje lazima kiandikwe, kipewe nafasi yake kwenye mlinganyo. Kipimo kinayumba huku na huku, lakini yeye haendi huku na huku, yeye anaongeza tu.

"Hiyo tunajua," akadakia msukuma chukudu mmoja. "Hata kwa bei."

Jirani hakuwa anasikiliza. Alikuwa amefungua fundo la kitenge, anahesabu franka.

"Muhandisi," Mama Mukubwa akaniita, "kuja umuandikie ile namba yako kwa karatasi. Na utie saini."