Spika ilivyomuumbua bosi Kariakoo

Aisee hii kazi ya kufungia watu mifumo ina mambo. Kuna duka moja la vifaa vya ujenzi Kariakoo, wateja wanalipa kwa simu mpaka basi, na simu yenyewe ya malipo anakaa nayo bosi, kwa hiyo watu wa kaunta hawajui hela imeingia au laa, mteja anawaonyesha meseji na meseji saa nyingine ya kufoji. Bosi akaniita, akasema nataka hela ikiingia tu kompyuta ya kaunta ijue hapohapo.

Programu ya zamani ilikuwa inaenda kugonga seva, ile kompyuta ya mbali inayopokea taarifa za malipo, kila baada ya sekunde 5, kuna kipya? hakuna, kuna kipya? hakuna, kutwa nzima kama mtoto aliyeahidiwa soda. Nikaitoa nikaweka websoketi, njia ya kompyuta na seva kuongea bila kukata laini, ambayo wala sio mpya, ipo kwenye viwango vya intaneti tangu 2011. Seva haiwezi kuitafuta kompyuta iliyojificha nyuma ya ruta, kile kisanduku cha intaneti cha dukani, kwa hiyo kompyuta ndo inaanza kupiga, seva inaitikia kwa msimbo namba 101, yaani sawa tuhamie njia hiyo, na kuanzia hapo laini inabaki wazi, mwenye neno anasema. Mara moja moja inatumwa ping kujua kama mwenzio bado yupo.

Ujumbe ukawa unachomoza kwenye kona ya skrini, mimi nimefurahi, bosi kanuna. "Mbona haiongei?" Anataka isikike mpaka nje, watu wajue duka linauza! Basi tukamrekodi dada wa kaunta akitaja laki, elfu, mia, nikaviunga, spika likafungwa juu mlangoni: "IMEINGIA! SHILINGI LAKI MBILI NA ELFU AROBAINI!" Halafu akaongeza sharti, hata umeme ukikatika isipotee hata moja. Sawa, nikaweka foleni kwenye seva, kila malipo yanasubiri mpaka kompyuta ithibitishe kwamba imeshatangaza, ndo yanakuja yanayofuata.

Sasa siku hiyo umeme umekatika tangu asubuhi, nipo pale nakunywa chai, akaingia Alhaji mmoja, alimpa bosi mabati kwa mali kauli tangu kabla ya Ramadhani. Bosi kumwona tu sura ikabadilika ya msiba.

"Shikamoo Alhaji. Biashara imekufa Alhaji wangu, tangu asubuhi sijashika hata mia mkononi."

Na kweli hakushika, zote zilikuwa zinaingia kwenye simu. Alhaji anasema pole, anafuta jasho, anatafuta kofia yake aondoke, mara umeme ukarudi.

Ruta huwa inachukua dakika mbili tatu kuamka. Laiti Alhaji asingeagiza maji.

"IMEINGIA! SHILINGI LAKI TATU!" Bosi akakohoa. "IMEINGIA! SHILINGI ELFU THEMANINI!" Akakohoa tena, kwa nguvu, lakini utashindana na spika la harusi? "IMEINGIA! SHILINGI LAKI SITA NA ELFU HAMSINI!" Alhaji kakaa chini taratibu, kavua miwani, anasikiliza. Bosi akaruka kaunta, spika lipo juu halifikiki, akachomoa waya wa kwanza aliouona, wa ruta. Dada akamalizia "LAKI TANO!" pakawa kimya.

Bosi anahema. Kijana wa stoo, mtoto mwenye adabu sana yule, akaona waya umelala chini, akauchomeka.

Sasa ile laki tano ilitangazwa ila uthibitisho haukufika seva, laini ilishakatika. Seva kwa upande wake inajua haijasikika. Ikaanza nayo upya.

"IMEINGIA! SHILINGI LAKI TANO!"

"Laki tano nyingine?" Alhaji akauliza.

"Hapana Alhaji, hiyo imejirudia tu, ni mtandao, muulize fundi huyu!"

Nikamweleza Alhaji habari ya uthibitisho, nikamwambia ni moja kweli, haki ya Mungu.

"Hata ikiwa moja," akasema, "nitaanza na hiyohiyo. Na zile za mwanzo."

Spika linaendelea, watu wa duka la jirani wamesogea wanapiga makofi kila ikiingia. Bosi akatoa simu, akalipa deni lote hapohapo, hakutaka hata risiti. Alhaji akavaa kofia, kufika mlangoni akageuka, nikajua ananiaga.

"Kijana, nipe namba yako. Nina watu kumi na kitu wanadaiwa na mimi, nataka ukawafungie. Gharama zote juu yangu."

Bosi ananikazia macho nisitoe. Nikatoa.