Anza na maji, samaki watafuata

Anayetaka tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe sebuleni namshauri akae nalo mwezi mzima au zaidi bila samaki hata mmoja. Wengi hunikatalia, maana wameshawaona wale wa rangi ya chungwa wenye milia myeupe na wanawataka leo leo. Lakini tangi jipya halina bakteria wa kutosha. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu inayounguza matamvua. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, wa kundi lingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Hao hujijenga taratibu kwenye mawe. Dondoshea chakula kidogo kioze na kutoa amonia ya kuwalisha, uwe unapima: amonia na nitriti zikishuka hadi sifuri huku nitrati ikipanda, tangi liko tayari.

Na lisiwe dogo. Kumuuzia anayeanza tangi la lita 30 ni kumwonea, kwa sababu maji machache huharibika upesi. Lita 200 humpa mtu muda wa kurekebisha.

Vitabu vingi vimeandikiwa nchi za baridi, kwa hiyo husisitiza hita. Dar es Salaam na Mombasa kazi ni kupoza. Matumbawe yanapenda nyuzi 25 au 26, na chumba mchana wa Februari huzidi 30. Feni inayopuliza juu ya maji inasaidia, ila maji yanakauka na chumvi inabaki. Kipimo cha chumvi (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi) kinatoka 1.025 hadi 1.027 na macho hayaoni tofauti. Kila siku jazia maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, kamwe si ya bahari. Umeme ukikatika pampu husimama na oksijeni hupungua, kwa hiyo pampu ya hewa ya betri naihesabu kuwa lazima.

Matumbawe usiyang'oe baharini, tafadhali. Miamba yetu iliumizwa vibaya na joto la 1998, na biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Tafuta vipande vilivyokuzwa kwenye matangi, uanze na yale laini. Samaki nao wawe waliozaliwa kwenye matangi: hao wa milia wanapatikana, na wanakula chakula cha dukani bila shida. Yule wa bluu mwenye mkia wa njano mwache. Hukua hadi karibu sentimita 30, na lita 200 hazimtoshi.