Mjamzito wa Nyanda za Juu: chumvi ya dukani inamtosha?

Kijana wa leo wa Rungwe au Makete ni nadra kuona rovu, yaani goita, ule uvimbe wa tezi ya shingo, kama zile alizozizoea bibi yake. Miaka ya 1980 goita ilikadiriwa kuwapata asilimia 25 ya Watanzania, na wilaya za Nyanda za Juu Kusini zilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Upimaji wa wanafunzi wa mwaka 2004 ulikuta karibu asilimia 7. Kati ya hapo vidonge vya mafuta yenye madini joto (iodini), ambayo yakipungua mwilini ndipo rovu hutokea, viligawiwa wilaya zilizoathirika sana, na miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuongeza madini joto kwenye chumvi. Kwa hiyo wapo wanaosema kazi imekwisha. Wengine wanasema mjamzito bado apewe kidonge chake cha madini joto, chumvi iwepo isiwepo.

Wenye hoja ya kidonge wanaanza na udongo. Mvua ya huku ni nyingi na miteremko ni mikali, madini joto yanasombwa na maji, na mahindi, viazi na maharage yanayoota hapo yanakuwa nayo kidogo. Usipa wa Ziwa Nyasa ni samaki wa maji baridi, hana madini joto kama wa bahari. Kabichi, ambayo huku haikosi mezani, ina kemikali zinazozuia tezi ya shingo kuyatumia vizuri, ingawa hilo linakuwa tatizo pale tu madini yenyewe yalipo haba. Inabaki chumvi.

Sasa piga hesabu. Shirika la Afya Duniani linataka mjamzito apate mikrogramu 250 kwa siku, na linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi. Chumvi iliyofika jikoni ikiwa na miligramu 15 za madini joto kwa kilo, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachokubalika nyumbani, gramu 5 zinampa mikrogramu 75. Ikiwa na miligramu 30, anapata 150. Na mwenye presha aliyeambiwa apunguze chumvi anapata pungufu ya hapo. Sijaona namna ya kuikwepa hesabu hii.

Lakini upande wa pili nao haujalala. Mwanamke aliyekula chumvi nzuri miaka yote anaingia kwenye ujauzito tezi yake ikiwa na akiba, na ndiyo maana mwongozo wa kimataifa hausisitizi vidonge pale ambapo zaidi ya asilimia 90 ya kaya zina chumvi yenye madini joto. Ushahidi wa vidonge kwa upungufu mdogo pia si mzito. Jaribio lililofanyika India na Thailand, matokeo yakatolewa 2017, liliwapa wajawazito mikrogramu 200 kila siku, na watoto wao walipopimwa wakiwa na miaka mitano na sita hawakuwazidi wenzao akili. Hata hapa kwetu, utafiti wa 2009 ulidai kwamba watoto ambao mama zao walimeza yale mafuta walisonga mbele zaidi shuleni, hasa wasichana. Watafiti wengine waliporudia hesabu hizo, faida hiyo hawakuiona. Upungufu mkali ni habari nyingine: unaharibu mimba na unadumaza ubongo, na hilo halina ubishi.

Ninachoona kinasahaulika na pande zote mbili ni muda. Miezi ya mwanzo mtoto hana tezi inayofanya kazi, anategemea homoni ya mama yake, na tezi ya mama inalazimika kuzalisha karibu nusu zaidi ya kawaida. Wanawake wengi huanza kliniki mwezi wa nne au wa tano. Kidonge cha kliniki, hata kikiwa bora namna gani, kinakuta sehemu nyeti imeshapita. Chumvi haina haja ya kusubiri kadi ya kliniki.

Kwa hiyo mimi ningeanzia sokoni. Chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo, gunia wazi tangu asubuhi, jua na unyevu vikiipiga, si sawa na ya pakiti, hata kama zote zilitoka kiwandani zikiwa sawa. Kipimo kipo na ni rahisi: tone moja la dawa juu ya chumvi, ikigeuka zambarau kuna madini joto, ikibaki nyeupe hakuna. Kiasi gani hasa, tone halisemi. Afisa afya akipita na kichupa hicho kwa wauzaji wa jumla angefanya kazi kubwa kuliko mabango mengi. Nyumbani, pakiti ifungwe, na chumvi itiwe maharage yakikaribia kuiva.

Kuhusu kidonge, kipo kile cha virutubisho 15 chenye mikrogramu 150 za madini joto pamoja na madini chuma na foliki asidi. Kingeweza kuchukua nafasi ya vidonge vya kuongeza damu vya sasa bila kumwongezea mama mzigo wa kumeza. Huo nauona mjadala wa maana kuliko kumnunulia kidonge cha madini joto peke yake.

Mwenye uvimbe shingoni, au aliyewahi kuugua tezi, asijinunulie chochote. Zimbabwe miaka ya 1990, chumvi ilipoongezwa madini joto, wagonjwa ambao tezi zao zinafanya kazi kupita kiasi waliongezeka. Huyu apimwe damu kwanza. Na kama tayari anatumia livothairoksini, dawa ya homoni ya tezi, aendelee nayo akiwa mjamzito, dozi ipimwe upya mapema, na asiimeze pamoja na vidonge vya damu. Aviachanishe kwa saa nne.