Kipokezi Kikipotea, Je, Seti Nzima Itupwe?

Kibodi na kipanya visivyo na waya hutegemea kipokezi cha USB kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na kikipotea hicho, vifaa viwili vizima hubaki mezani bila kazi. Katika ofisi na saiba za Lamu, ambako vipokezi hung'olewa na kuchomekwa upya kila kompyuta inapohamishwa, tatizo hili si geni, na ushauri unaotolewa ni wa namna mbili. Wapo wanaosema kinunuliwe kipokezi kingine, kwa kuwa kutupa kibodi isiyo na kasoro ni israfu. Wapo wanaosema kukitafuta ni kujichosha bure, heri inunuliwe seti mpya na shughuli ziendelee. Binafsi naegemea kwa wale wa kwanza, ila kwa sharti ambalo wao wenyewe hulisahau: kibodi yenyewe iwe ni ya aina inayokubali kuoanishwa na kipokezi kingine, yaani kuunganishwa nacho hadi vitambuane.

Sharti hilo ndilo linalowaangusha wengi. Vifaa hivi huwasiliana kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, na kwa kuwa Bluetooth nayo hutumia masafa hayohayo, mtu huuziwa kipokezi cha Bluetooth chenye umbo lilelile akidhani kitashika nafasi ya kile kilichopotea. Hakitashika, isipokuwa kibodi iwe imeundwa kutumia Bluetooth tangu mwanzo. Katika seti nyingi za bei nafuu, kipokezi na kibodi huoanishwa kiwandani na mnunuzi hapewi njia yoyote ya kurudia kazi hiyo, hivyo kwamba hata kipokezi cha seti nyingine inayofanana nayo kwa kila hali hakitamfaa. Logitech ilifuata njia tofauti mwaka 2009 ilipoleta vipokezi vya Unifying, vyenye alama ya rangi ya chungwa, ambavyo kimoja huhudumia hadi vifaa 6 na huweza kununuliwa peke yake. Mwenye kibodi yenye alama hiyo huhitaji kipokezi kipya, programu ya kuoanisha, na kipanya cha waya cha kuazima kwa jirani ili aweze kuiendesha programu yenyewe. Hata hivyo, jina la kampuni pekee halitoshi kuwa ushahidi, kwani ziko seti za Logitech zisizo na alama hiyo, na anayenunua kwa kutazama jina tu huenda akapoteza fedha mara mbili.

Hoja nzito ya upande wa pili haihusu bei, inahusu usalama, na haistahili kupuuzwa. Mwaka 2016 kampuni ya utafiti ya Bastille ilitangaza udhaifu ilioupa jina la MouseJack, uliovikumba vipokezi vya watengenezaji kadhaa, wakiwemo Logitech, Microsoft, Dell na Lenovo. Watafiti hao walionyesha kuwa mtu aliye umbali wa hadi mita 100 angeweza kutuma mibonyezo ya vitufe kana kwamba ndiye aliyeketi mbele ya kompyuta, na kwamba baadhi ya vipokezi vingeweza kulazimishwa kukioanisha kifaa cha mgeni bila idhini ya mwenyewe. Katika Mji wa Kale wa Lamu, ambako nyumba zimeegemeana na vichochoro havipitishi gari, duara la mita 100 huingiza familia nyingi. Kwa mantiki hiyo, mlango unaomwezesha mwenye kibodi kuleta kipokezi kipya ni mlango uleule anaoweza kuuingilia mwizi, na mtengenezaji aliyeufunga kiwandani anaweza kudai kuwa anamlinda mteja wake.

Dai hilo lingekuwa na nguvu kama waliokumbwa wangekuwa ni wenye vipokezi vinavyooanishwa upya peke yao, lakini haikuwa hivyo. Isitoshe, mwaka 2021 Logitech yenyewe ilileta Logi Bolt, mfumo unaomtaka mtumiaji aandike nambari ya siri kwenye kibodi wakati wa kuoanisha, na ambao kipokezi chake huuzwa peke yake pia. Usalama na uwezo wa kubadilisha kipokezi vimekaa pamoja katika kifaa kimoja. Kinachobaki cha kuwatetea wanaofunga ni gharama ya utengenezaji na urahisi wa kuchomeka na kutumia papo hapo; sababu hizo ni halali katika biashara, ila zisivishwe kanzu ya usalama. (Ieleweke pia kwamba Bolt na Unifying havisikilizani, kwa hiyo kipokezi cha kimoja hakifai kwa kingine.)

Kwa mkazi wa Lamu hesabu ina kipengele ambacho mwenzake wa Mombasa hakihisi. Kipokezi kisichopatikana mjini hupakiwa basini Mombasa, hupita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha huvushwa kwa boti. Kikifika na kuonekana si chenyewe, safari ni hiyohiyo kwa kurudi. Nauli ya mzigo ikijumlishwa na bei, seti mpya ya bei nafuu inaweza kabisa kuwa rahisi zaidi, na simlaumu mwenye saiba anayeichagua huku wateja wakimsubiri. Tatizo ni kuwa seti hiyo nayo aghalabu huwa ya kufungwa kiwandani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawabebesha wazalishaji wajibu wa bidhaa zao hata zinapogeuka taka, lakini kwa mnunuzi wa kisiwani uamuzi wenye maana zaidi ni ule anaoufanya dukani: achague kifaa chenye Bluetooth, au chenye kipokezi kinachouzwa peke yake, au cha waya, hasa kwa kompyuta ya mezani isiyohamahama.

Iko hali moja ambayo ningekubaliana na wanaotupa bila kusita. Kibodi ikiwa imekwisha kufutika herufi, na kipokezi pekee kinachopatikana ni cha zamani ambacho programu yake ya ndani haijasasishwa tangu kabla ya 2016 wala muuzaji hajui namna ya kuisasisha, hapo seti mpya ndiyo salama na ndiyo nafuu.