Nimelipa Nauli Nikatembee kwa Miguu

Zamani mtu akionekana anatoka Gede kwenda Mida, huku pwani ya Kenya, kwa miguu, watu walimwonea huruma na kumuuliza kama gari limemharibikia njiani au mfuko ndio uliotoboka. Siku hizi mtu huyo huyo akivaa viatu vya bei ya kodi ya mwezi, na kofia yenye kamba ya kufungia kidevuni, huitwa mpenda mazingira, naye hutozwa kiingilio katika kila lango analolipita. Shemeji yangu, kaka wa mama watoto, amejiunga na kundi hilo. Daktari alimshauri apunguze tumbo. Yeye, badala ya kupunguza sahani, akaona ni heri aongeze njia, na kwa kuwa si mtu wa kupenda kuteseka peke yake, akalisajili na tumbo langu bila kuniuliza.

Basi tukatoka Mombasa alfajiri, tukakaa kwenye matatu magoti yakigusa kidevu kwa kilomita zipatazo 100, ili tukishuka tuanze kunyoosha miguu. Ningeweza kuinyoosha nyumbani bila kulipa nauli.

Tulianzia Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 420, ambao ndio mkubwa kuliko yote iliyobaki ya asili katika mwambao wa Afrika Mashariki. Sina ugomvi na ukubwa wake, ila naona haikuwa lazima tuupime kwa nyayo. Chini ya miti ya mirihi kuna mchanga mweupe unaomeza kiatu mpaka kifundoni, na kila hatua unayopiga mbele inakurudisha nusu nyuma, hivi kwamba mti uliouaga kitambo unageuka unaukuta bado unakutazama. Mwongozi wetu, kijana wa Kigiriama mwenye pumzi za kumtosha yeye na ukoo wake, alisimama ghafla, akainama juu ya rundo la kinyesi cha ndovu, akalipapasa kwa kijiti na kututangazia kwa furaha kwamba ni cha alfajiri ile ile. Shemeji akakipiga picha. Mimi niliuliza tu mwenyewe ameelekea upande gani, nikaambiwa nisiwe na wasiwasi, jibu ambalo maishani mwangu halijawahi kuniondolea wasiwasi wowote.

Kisha tukapelekwa kumwona bundi. Naomba msomaji aliyelelewa na bibi wa pwani anielewe hapa, kwa sababu sisi bundi akilia juu ya paa tulikuwa tukimfukuza kwa matusi na chumvi ya mawe, wala hapakuwa na mtu aliyefunga safari kwenda kumtafuta. Huyu wa Sokoke ni mdogo, hana zaidi ya sentimita 18 kutoka utosini hadi mkiani, na kwao hasa ni msitu huu na misitu ya chini ya Usambara ya Mashariki huko Tanzania. Ndiyo maana watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtazama akiwa amelala. Tulimkuta kajibanza katika kichaka, macho kayafumba, na kwa hakika katika msafara ule wote yeye peke yake ndiye aliyekuwa akifanya jambo nililolitamani.

Aliyenigusa zaidi ni sengi, mnyama mfano wa panya mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu, ambaye alikatiza njia kwa kasi kama mdaiwa aliyemwona mwenye duka. Mwongozi alitueleza kwamba sengi dume na jike huishi katika himaya moja na kuoana kwa uaminifu, lakini kutwa nzima hawaandamani, kila mmoja anajitafutia wadudu wake upande wake. Nikamwambia shemeji kwamba ndoa ya namna hiyo ingeniwezesha leo kuwa kitandani, kwa kuwa dada yake ndiye aliyeniamsha na kunifungia maandazi. Hakucheka. Vivyo hivyo hakucheka tulipofika kwenye mradi wa Kipepeo, ambako tangu mwaka 1993 wakulima wa kandokando ya msitu huu wamekuwa wakifuga vipepeo, na pupa wake, yaani kipepeo akiwa bado amejifunga ndani ya ganda, husafirishwa kwenda kwenye maonyesho ya Ulaya na Marekani. Nilisema tu kwamba mdudu wa Gede anaingia Ulaya akiwa bado usingizini, ilhali mpwa wangu mwenye shahada ameulizwa taarifa za benki za miezi 6 kisha akanyimwa viza.

Magofu ya Gede ndiyo yaliyonikera kweli, wala si kwa ubaya wake. Ni mji wa Waswahili uliokaa mbali kidogo na bahari, wenye msikiti mkuu, jumba la mtawala, ua baada ya ua, na kaburi moja lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Wareno walikaa Malindi hapo jirani kwa miaka mingi na hawakuuandika hata kwa mstari mmoja. Wataalamu wanasumbuka kutafuta sababu, lakini mimi mwenye kibanda cha kuuza vocha naona hakuna fumbo: watu waliojua kukaa kimya watoza ushuru wasiwajue walistahili kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2024 kweli UNESCO wakawaingiza.

Tuliingizwa katika nyumba moja, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na mwongozi akatuonyesha chumba kidogo cha nyuma. Hiki, akasema, ni choo. Kilikuwa ndani ya nyumba. Pembeni palikuwa na mahali palipojengwa maalumu pa kuweka chungu cha maji ya kunawia, na visima viko uani na misikitini, hata mtu hahitaji kutembea mbali kuvifikia. Nilisimama pale kwa muda mrefu hata shemeji akadhani nimeguswa na historia. Nilichokuwa nikikiwaza ni kwamba mimi, katika karne hii, natumia choo kimoja na wapangaji wa ghorofa nzima, kwamba bomba langu nikilifungua hukoroma kisha likanyamaza, na kwamba kila nikimpigia mwenye nyumba hunijibu kwamba maji yako njiani. Wale walioondoka Gede katika karne ya 17 wangenitembelea leo, wangerudi makaburini kwa staha wasinivunjie heshima.

Tena baadhi ya wataalamu wanasema huenda mojawapo ya sababu za mji kuhamwa ni maji ya ardhini kushuka, kwa maana ziko dalili kwamba visima viliongezwa kina. Yaani wenzetu maji yalipokuwa ya shida walichimba, na yalipozidi kuwa ya shida wakafunga virago. Mimi yamekatika, nimelipa kodi ya mwezi mzima, na nimenunua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni, naye amenipandishia bei huku akinipa pole.

Jambo jingine ni majina. James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1948, alizipa nyumba majina kufuatana na vitu vilivyofukuliwa ndani yake, ndipo leo tunaonyeshwa Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma na Nyumba ya Sanduku la Pembe, pamoja na vigae vya vyombo kutoka China. Nimejiuliza watakaofukua chumba changu watakiitaje. Mkasi ninao, lakini umeazimwa na jirani na hautarudi kabla ya mimi kuwa gofu. Nina hakika itakuwa Nyumba ya Mitungi, na profesa fulani atawaeleza wanafunzi kwamba mitungi hiyo ya manjano, iliyopangwa mlangoni kwa safu, ilikuwa na maana kubwa ya ibada.

Wakati nikiwaza hayo, kima mmoja mwenye koo jeupe alishuka ukutani, akaketi mbele yangu, akatazama mfuko wa maandazi, akanitazama, akautazama tena. Nilimwambia kwa upole kwamba hayakuwa yake. Akanyoosha mkono, akauchukua mfuko bila haraka, akaufungua pale penye fundo hasa, akatoa andazi la juu na kulinusa kabla ya kuling'ata. Mwongozi akasema, mzee, huyo anakupenda. Nikamjibu kwamba napendwa hivyo hivyo na watu wengi mwisho wa mwezi.

Tulimalizia hori la Mida, juu ya ile njia ya mbao inayoning'inia katikati ya mikoko, ambayo kiingilio chake husaidia kulipa karo za watoto wa maeneo hayo, na hiyo ndiyo pesa pekee niliyoitoa siku ile bila kinyongo, ijapokuwa mbao zilipoyumba nilizikumbuka dua nilizofundishwa chuoni utotoni.

Shemeji sasa anapanga twende kwenye magofu mengine, Jumba la Mtwana, huku Mtwapa. Nilitaka kukataa, ila nimesikia kwamba msikiti wake wa ufukweni una birika la kutawadhia. Nimemwambia nitafuatana naye kwa sharti kwamba mitungi yangu ihesabiwe miongoni mwa vifaa vya matembezi, na kondakta asinitoze nauli ya mzigo kabla hatujajua kama itarudi na kitu ndani.