Waliofunga Fomu Njiani

"Shikamooni wakubwa. Naomba dakika tano zenu mnijazie dodoso la utafiti wangu wa uzamili." Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, na chini yake kiungo cha Google Forms. Aliyetuma ni mtoto wa dada yangu, ningeachaje kufungua? Dakika ya kumi na moja nilikuwa bado nahangaika na jedwali la "nakubali sana, nakubali, sina hakika", safu ya mwisho haionekani mpaka uvute skrini pembeni. Mara likaja swali la kipato cha mwezi, na nyota nyekundu juu yake, yaani huwezi kuendelea bila kulijibu. Nikafunga.

Baadaye akaniletea sura ya nne ya tasnifu niipitie. Nikasoma: kiwango cha ukamilishaji, asilimia 100.

Hakudanganya. Google Forms humwonyesha mwenye fomu majibu ya waliobonyeza kutuma, basi. Ukiacha kwenye swali la kumi na nne, kwake ni kama hukuwahi kuingia. Kijana amewagawa waliomaliza kwa waliomaliza. Hesabu hiyo haijawahi kushuka chini ya mia. LimeSurvey, programu nyingine ya madodoso, inaweza kuhifadhi majibu nusunusu na ukaona mtu aliishia ukurasa gani, lakini nani anamwambia mwanafunzi?

Hata palipo na hesabu kamili, asilimia moja peke yake hainitoshi. Tuseme watu 1,000 wamefungua kiungo, 400 wakaanza kujibu, 200 wakafika mwisho. Mmoja ataandika asilimia 50, mwingine 20, na wote wako sahihi. Mwaka 2004 Gunther Eysenbach alichapisha mwongozo uitwao CHERRIES kwa madodoso ya mtandaoni, akataka kila hatua itajwe kivyake: walioona, waliokubali kushiriki, waliomaliza. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na bado naletewa tasnifu zenye namba moja tu.

Kinachoniudhi zaidi ni kuambiwa walioondoka ni wavivu. Wapo walioishiwa bando, sawa. Lakini wapo ambao kuondoka kwao ndiko jibu. Mama lishe anayepata faida leo na kesho akala mtaji, alama ataiweka wapi kwenye "mshahara wako kwa mwezi"? Wakitoka wa aina yake, fomu inabaki na waajiriwa, kisha tunaandika kwamba wahojiwa wengi wana ajira. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kura za maoni kama milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni mbili, likatangaza kuwa Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Landon aliambulia majimbo mawili, Maine na Vermont. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, na hata kati ya waliotumiwa, waliorudisha hawakufanana na walionyamaza.

Nyota nyekundu mimi ningezifuta karibu zote, nibakize ya ridhaa. Mtu akilazimishwa ama ataondoka, ama ataandika umri wake ni miaka 99. Ule mstari unaoonyesha umefika wapi nao tusiutegemee sana: uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa ukianza kwa kujivuta unawafukuza watu zaidi. Na "dakika tano" ziwe tano kweli. Ukitangaza ishirini, watakaoanza watapungua, hilo halina ubishi, ila bora wapungue mlangoni kuliko wanikimbie katikati wakiwa wamekasirika.

Nilimpigia simu kijana nikamwambia afute ile mia, aandike kwamba walioacha njiani hawakuhesabika.

"Lakini mjomba, kwani kuna mtu aliacha?"

"Mimi."

Akanyamaza kidogo. "Uliishia wapi?"

"Kipato cha mwezi."

Akacheka. "Lile hata mimi nilipolijaribu niliandika uongo."